Nusu ya Neno

Siku ile Somoe Mkalipa alipoingia Kidato cha Nne B pale Mnanduka Sekondari, hakuja kusifia. Wa kusifia walikwisha kuja. Naibu waziri alikuja akasifia, watu wa kiwanda walikuja wakasifia na kupiga picha, hata yule diwani asiyejua choo cha shule kiko upande gani alipanda kwenye kifusi cha kokoto akasifia. Somoe alikuwa mthibiti ubora wa shule, mwaka wa kumi na nane kazini, na alama ya tisini na nane kwa mia haikumpa raha hata kidogo. Machale yalimcheza tangu aliposoma taarifa. Tisini na nane, watoto hawa wanakunywa maji gani?

Alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti kilichotolewa ofisini kwa heshima yake, akaweka mkoba miguuni.

Juu ya ubao lilikuwa limetundikwa Sikio. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa mkate wa kukata, kimoja kwa kila darasa katika kata nzima. Chenyewe ndicho kilichofundisha, ndicho kilichouliza na ndicho kilichosikiliza. Mwalimu wa zamu alikuwepo, ndiyo, ila kazi yake ilikuwa kufungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni.

"Madini ya kinywe yakitoka mgodini huwa na ucha..." Sikio lilisema, kwa sauti ya kike iliyochangamka.

"...fu," darasa lilipokea.

"Uchafu huo huondolewa kwa asi..."

"...di."

"Na asidi hiyo ni ha..."

"...tari."

Sauti arobaini na mbili, pigo moja. Wewe na mimi tungesikia kelele tu, lakini Sikio lilikuwa na uwezo wa kuzichambua sauti zote arobaini na mbili, kila moja na mwenyewe, na kupima muda uliopita kati ya swali na jibu kwa vipande vya elfu moja ya sekunde. Aliyejibu upesi kaelewa. Aliyesitasita hajaelewa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na alama zilikuwa zimeshafika mkoani kabla mtoto hajafumba mdomo. Kisha ikaja ile sheria: kata yoyote itakayoshikilia alama tisini na tano kwa miaka mitatu mfululizo, ipewe kiwanda. Nchi ilikuwa imechoka kuuza kinywe, yale mawe meusi ya betri, yakiwa ghafi. Ilitaka kuuza betri, na betri zinataka watu wenye akili.

Mnanduka ilikuwa imemaliza miaka yake mitatu. Jengo la kiwanda lilikwisha kuezekwa, mitambo ilikuwa ndani ya makontena bandarini, na kilichobaki ni neno moja la mthibiti kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Akisema ndiyo, wanafunzi wote wa Nne B wanaingia moja kwa moja chumba cha asidi, kazi ya kudumu, mwezi ujao. Akisema hapana, makontena yanapakiwa upya kwenda mkoa mwingine uliokuwa ukisubiri kwa hamu.

Na jina la kwanza kwenye orodha ya Nne B lilikuwa Sharifa, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Kwa taratibu Somoe hakutakiwa kukagua darasa la mtoto wake. Lakini wilaya nzima ilikuwa na wathibiti wawili, na mwenzake alikuwa likizo ya uzazi.

"Afisa, soda?" Mwalimu Nambunga, mkuu wa shule, alimnong'oneza begani.

"Nimekuja na maji yangu."

"Sambusa basi. Za moto."

"Mwalimu Nambunga, tangu saa mbili asubuhi unataka kunilisha. Kuna nini?"

"Ukarimu tu, Afisa. Kuna nini tena?"

Somoe alimwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu mwenye tisini na nane zake halali hatoki jasho juu ya mdomo namna ile, tena asubuhi yenye upepo.

Akainuka, akapita katikati ya madawati akijifanya anatazama daftari. Alikuwa anatazama masikio ya watoto. Hakuona kidude chochote, ni hereni tu kwa wasichana na kwa mvulana mmoja mtundu. Akainama chini ya dawati, akakuta ubani uliotafunwa ukabandikwa. Akamwomba fundi wa zamu akate mtandao wa shule kwa nusu saa. Alama kwenye kioo cha kisanduku hazikushuka.

Basi akatoa silaha yake. Mkobani alikuwa na mada aliyoichagua mwenyewe usiku wa kuamkia jana, bila kumwambia mtu: ufugaji wa nyuki, kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wa kidato chochote. Akaiingiza kwenye Sikio kwa mkono wake.

"Nyuki dume hana mwi..."

"...ba."

"Mzinga mmoja huwa na ma..."

"...lkia."

"Malkia mmo..."

"...ja."

Tisini na sita. Somoe alisimama pale akiwa na karatasi mkononi. Kama majibu yameibwa, mtu angeiba vipi majibu ya mada iliyokuwa mkobani mwake? Alikuja akitafuta mwizi na sasa alikuwa na hakika kwamba mwizi hayupo. Jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko wizi.

Alitoa ufunguo wa mthibiti, akauzungusha ubavuni mwa kile kisanduku. Taa ya kijani ikazima.

"Sasa mimi na nyinyi," alisema. "Uko kazini, chumba cha asidi. Unaona bomba linavuja. Utafanya nini?"

Darasa lilinyamaza. Somoe alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi kwa nusu ya maisha yake, na alikuwa anazijua aina zote za ukimya: wa uvivu, wa woga, wa kutojua, wa kumkomoa mwalimu. Huu haukuwa mmojawapo. Vichwa vilikuwa vimeinuka, midomo imeachama kidogo, macho yote yako kinywani mwake. Walikuwa wanasubiri. Sharifa, safu ya tatu, naye alikuwa amemkazia macho vilevile, bila dalili ya kumfahamu kama mtu wa nyumbani kwao.

"Hakuna anayejua?"

"Wanakuonea haya, Afisa," alisema Nambunga. "Wewe mgeni."

"Mgeni wa wapi, nusu ya hawa nimewabeba wakiwa na nepi."

Alirudia swali. Alilibadilisha, akalifupisha, akaliuliza kwa upole na kwa ukali. Mwishowe kwa kuchoka tu, ulimi ukamtoka wenyewe. "Jamani. Si utafunga ko..."

"...ki," walipokea arobaini na mbili, nyuso zimewaka kwa furaha.

Nambunga alishusha pumzi. "Umeona? Wanajua."

Somoe aliwatazama wale watoto, akasema taratibu, "Bomba linavuja. Asidi inamwagika. Utafungua ko..."

"...ki," walipokea, kwa furaha ileile.

Nambunga alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha katikati.

*

Injinia Zamda Liyumba alifika kabla ya kengele ya mchana, maana Nambunga alikwisha kumpigia simu. Huyu ndiye aliyebuni Sikio. Mtoto wa hapahapa Mnanduka, si wa kuletwa na mfadhili, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wamsalimie wakiwa wamesimama. Alikuwa mwembamba, msemaji wa polepole, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la watu wa kawaida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umewafanya nini watoto?"

Walikuwa ndani ya stoo ya zamani ya maabara, ambamo sasa ulikaa mtambo mkuu uliolisha masikio yote ya kata. Ulikuwa unaunguruma chinichini. Somoe alifunga mlango na kumwacha Nambunga nje na sambusa zake.

"Hakuna majibu yaliyoibwa," Zamda alisema. "Ningetaka kudanganya, Mwalimu, ningepika alama tisini na tano. Nani anapika tisini na nane?"

"Hilo nimeshaling'amua. Nataka kujua nani alilifundisha hilo sanduku kukata maneno."

Zamda alimtazama machoni.

"Sikufunga safari kuja kutazamana," Somoe alisema.

"Hakuna aliyelifundisha. Lilichagua lenyewe." Zamda alivuta stuli akakaa. "Tuliliwekea masomo yaliyorekodiwa, saa elfu moja na mia moja. Tukaliambia: humu ndani, tafuta namna ya kuuliza inayofanya watoto wajibu upesi zaidi. Basi. Likasikiliza, likapima, likatupa kila kitu kisichofaa. Hadithi likatupa. Mizaha likatupa. Yale maswali ambayo darasa linabishana hadi kengele inalia, likayatupa ya kwanza kabisa, kwa sababu yanachelewesha. Ikabaki namna moja."

"Masomo ya nani?"

"Ya mwalimu bora wa taifa."

"Wa mwaka gani?"

Badala ya kujibu, Zamda aligusa kioo cha mtambo. Stoo ikajaa kelele za darasa la zamani, madawati yanayogongana, mtoto anakohoa. Kisha sauti ya mwanamke kijana, yenye lafudhi ya kusini na uchangamfu mwingi: "Haya wanangu. Tumbo linasaga chakula, kitendo hicho tunakiita mmenyu..."

"...ko."

"Nyote pigeni makofi."

Somoe aliijua ile sauti kabla akili yake haijakubali kuijua. Hata cheti cha mwalimu bora alikuwa nacho bado, sebuleni, pembeni ya jokofu alilozawadiwa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akirudi nyumbani koo limekauka na moyo umejaa, kwa sababu darasa zima lilikuwa limempokea.

"Walikuwa mia na ishirini," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Vitabu vinne. Ningefanyaje? Wakinipokea, angalau najua hawajalala."

"Najua. Nilikuwemo."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma, dirishani. Sikuwa napokea. Wewe ukifika kwenye nusu ya neno, mimi bado nalifikiria swali lako la mwanzo. Uliniita Kisiki."

Somoe alijitahidi kumkumbuka mtoto wa dirishani. Hakumkumbuka. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa na pa kushika, maana huwezi kumwomba radhi mtu usiyemkumbuka. Lakini alikuwa mthibiti, na tuhuma ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa ugali. Haikumchukua muda kurudi kwenye njia yake.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Wewe uliyekuwa hupokei, ulilisikia hilo sanduku lako siku ya kwanza tu ukajua lina ugonjwa gani. Ukakaa kimya."

"Siku ya kwanza sikujua. Nilijua mwaka jana."

"Na mwaka jana hukusema."

"Ningemwambia nani? Alama ziko juu, ramani ya kiwanda imeshachorwa, kila mtu ananiita injinia wetu." Zamda aliinua uso. "Nisikilize, Mwalimu. Thibitisha leo. Kiwanda kikija, mji utakuwa na nguvu, nitapata watu na vifaa, nitalifundisha Sikio upya. Nipe mwaka mmoja. Kisipokuja, nani atanisikiliza mimi na sanduku lililoshindwa? Watarudisha madarasa ya mia na ishirini, na vitabu vinne."

Hayo yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo yaliyomuuma Somoe. Alitaka sana kumkuta huyu binti ni tapeli.

"Na huo mwaka mmoja," aliuliza, "hawa arobaini na mbili watakuwa wapi?"

"Chumba cha asidi. Lakini hawaingii hivihivi. Wana miezi miwili ya mafunzo palepale kiwandani."

"Anawafundisha nani?"

Zamda aliutazama mtambo uliokuwa ukiunguruma. Somoe hakumsaidia.

"Kiwanda kimenunua masikio kumi," alisema hatimaye.

*

Saa kumi na moja na ushee Somoe alikuwa nyumbani. Sharifa alikuwa sebuleni anapiga pasi ovaroli ya kijani, ile waliyogawiwa kwa majaribio, na jina lake lilikuwa limedariziwa kifuani. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Msichana mzuri, mchapakazi, asiyemjibu mtu kwa jeuri. Somoe alimtazama mgongoni akamwonea huruma, kisha akaogopa, maana huruma hiyo ilikuja mapema mno, kabla hata hajamwuliza swali.

"Sharifa, weka pasi kidogo."

"Abee, Ma'mkubwa." Aliisimamisha pasi, akageuka.

"Uko zamu. Bomba linavuja, na mwenzako mmoja ameanguka karibu yake. Unaanza na lipi, na kwa nini hilo?"

Sharifa alimkazia macho mdomoni. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imeachama kidogo, tayari. Dakika ikapita, huenda na nusu. Somoe aliuma meno. Msichana akatabasamu kwa kumvumilia, kama anayemngoja mzee apate miwani yake.

"Anza basi, Ma'mkubwa."

"Nianze nini?"

"Neno."

Somoe aliingia chumbani kwake, akaketi kitandani, akafungua fomu. Ilikuwa fupi. Je, unathibitisha? Ndiyo, au hapana. Chini yake nafasi ya kueleza chanzo, endapo ni hapana.

Alifikiria makontena. Alifikiria mafundi wa mtaa ule waliokuwa wameshaanza kuongeza vyumba vya kupangisha, mama lishe waliokuwa wamechukua viwanja karibu na geti la kiwanda. Wangemwita mchawi, na wengine wangemaanisha kabisa. Alimfikiria Zamda, na ule mwaka mmoja. Angekuwa na njia ya kuwaweka watoto wale mbali na asidi kwa mwaka mmoja na kiwanda kikabaki, angeichukua hata kwa magoti. Aliitafuta hiyo njia hadi zikabaki dakika sita. Fomu ilikuwa na majibu mawili tu.

Akagusa hapana. Kwenye chanzo aliandika: *Wanafunzi wamefundishwa kumalizia maneno, hawakufundishwa kufikiri. Namna hii ya kufundisha ilianza na mimi.* Akaandika majina yake yote matatu, akatuma.

Simu ya Sharifa ililia sebuleni. Kisha msichana akatokea mlangoni, simu mkononi, ile fomu yenyewe ikiwa imefunguka kiooni.

"Umetukatalia."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote."

"Na mimi?"

"Na wewe. Wewe hasa."

Somoe alitegemea kilio. Hakikuja. Sharifa aliegemea mwimo wa mlango, uso umekunjamana, na alipoanza kusema alisema kwa kujikwaa, kipande kwa kipande, kama mtu anayepita kwenye chumba chenye giza akipapasa.

"Mimi nimekaa humu miaka kumi na tatu. Kazi yako kuuliza. Unakwenda shule za watu unauliza. Mimi hukuniuliza kitu. Swali refu... swali refu kama lile la leo, hukuwahi. Ukaniuliza leo, na leoleo ukaninyima kazi." Aliitazama simu. "Nilidhani naelewa. Kila siku linaniambia nimeelewa. Makofi kila siku. Sikujua kama kuna kingine. Nyinyi mlijua kipo. Wewe, na mwalimu mkuu, na injinia. Mlijua, mka... Mme... mmetu..."

Alikwama. Mkono wake ulikuwa unafunguka na kujifunga hewani.

Somoe alikuwa na neno. Lilimjia papo hapo, mmetudanganya, zima na tayari, na ulimi wake ulikwisha kugusa meno kumpa mwanzo wake. Angelitoa tu, mtoto angelipokea, na wote wawili wangepumua. Akafumba mdomo. Sharifa alimtazama mdomoni, akangoja, akaona hautoi kitu. Akageuza macho, akayapeleka dirishani, na paji lake la uso likajikunja kwa kazi ambayo Somoe hakuwahi kuiona usoni pale. Ilichukua muda mrefu. Somoe alihesabu kengele mbili za baiskeli zikipita nje.

"Mmetupunja," Sharifa alisema.

Halikuwa neno ambalo Somoe alikuwa amelishika. Alilitafakari, akaona limepatia kuliko lake. Akasogea pembeni ya kitanda kumpisha nafasi ya kukaa, akamwambia aendelee.